Kijani cha Ncha za Dunia na Wanaopiga Magoti Kukihesabu

Mwaka 1986, kama ungeweza kukusanya mahali pamoja uoto wote uliokuwa ukionekana kutoka angani kwenye Rasi ya Antaktika, usingefunika hata kilomita moja ya mraba. Hesabu iliyopatikana ni kilomita za mraba 0.863, sawa na viwanja 120 hivi vya mpira wa miguu, vilivyotawanyika vipande vipande kwenye mkono mrefu wa mawe na barafu unaonyooka kuelekea Amerika ya Kusini. Kufikia mwaka 2021 hesabu hiyo ilikuwa kilomita za mraba 11.947. Bado ni pungufu ya kisiwa cha Mombasa. Lakini katika miaka 35 uoto huo umeongezeka karibu mara 14, na kuanzia mwaka 2016 kasi yake imezidi.

Hakuna aliyezunguka rasi hiyo na futi kamba. Waliofanya hesabu ni Thomas Roland wa Chuo Kikuu cha Exeter na Olly Bartlett wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, pamoja na wenzao. Walipitia picha za setilaiti za Landsat, mwaka baada ya mwaka, na Oktoba 2024 wakachapisha walichokiona katika jarida la Nature Geoscience. Sehemu kubwa ya kijani hicho ni mosi: mimea mifupi, laini, isiyo na maua wala mizizi ya kweli, jamaa wa ile inayotandaza zulia kwenye magome ya miti ya Usambara na kwenye kuta za mawe zinazovuja maji. Mimea ya asili inayotoa maua katika bara zima la Antaktika ni aina mbili tu, nyasi moja nyembamba kama nywele na kijimea kimoja kinachoota kwa vifundo vidogo. Hata hiyo miwili, kwenye kisiwa cha Signy ambako watafiti wamekuwa wakiifuatilia tangu miaka ya 1960, ilienea kwa kasi kubwa zaidi kati ya 2009 na 2018 kuliko katika nusu karne iliyotangulia.

Kwetu kijani ni neno la heri. Mfugaji akikiona upande fulani wa mbuga huhamishia mifugo huko. Mkulima akikiona shambani wiki ya tatu baada ya kupanda, hupata usingizi. Ndiyo maana habari ya ncha za dunia kugeuka kijani huingia sikioni kwetu kwa njia ya ajabu kidogo. Ubongo husikia neema, na huku tumeambiwa ni dalili ya ugonjwa. Kuna sababu ya kukaa na jambo hili kwa makini, kwa kuwa kipimo kinachotumika kuhesabu mosi wa Antaktika ndicho kile kile kinachoamua kama mfugaji wa Marsabit atalipwa fidia ya ukame au hatalipwa.

Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya tabia moja ya jani bichi. Umbijani, ile rangi inayolifanya jani lipike chakula chake kwa jua, hunyonya mwanga mwekundu kwa pupa. Mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni, jani haliutaki. Huurudisha angani kwa wingi. Ukichukua infraredi iliyorudi, ukatoa mwekundu uliorudi, kisha ukagawa kwa jumla ya zote mbili, unapata namba moja kati ya hasi 1 na 1. Msitu mnene hukaribia 0.8 au zaidi. Udongo mtupu huwa karibu na 0.1. Theluji na maji hushuka hadi sifuri au chini yake. Wataalamu wanaita namba hiyo NDVI, na ilianza kutumika mapema miaka ya 1970, mara tu setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa Julai 1972.

Lakini ni Afrika iliyoipa umaarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Compton Tucker wa NASA alitumia picha za setilaiti za hali ya hewa kufuatilia kijani cha Saheli kikienda na kurudi pamoja na mvua. Miaka kumi na kitu baadaye, Tucker huyo huyo alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya mwaka 1997 katika jarida la Nature, chini ya Ranga Myneni, iliyoutangazia ulimwengu kwamba mimea ya kaskazini ya mbali ilikuwa imeongeza ukuaji kati ya 1981 na 1991. Jicho lililonolewa kwenye malisho ya Saheli liligeuzwa kutazama nyanda za baridi.

Na jicho hilo halijaondoka kwetu. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, na washirika wake walizindua Marsabit bima ya mifugo isiyomhitaji mtu kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima kijani cha eneo. Kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, aliyekata bima hulipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, kufuatia ule ukame mkali ambao wengi bado wanaukumbuka.

Mfugaji yeyote wa huko atakueleza udhaifu wa mpango huu kabla hujamaliza kumwuliza. Setilaiti huona kijani. Haiulizi ni kijani gani. Mti wa mathenge ukivamia bonde zima, namba itapanda, na mfugaji aliyesimama katikati ya bonde hilo haoni malisho. Shikilia mfano huo, maana kule kaskazini tutakutana nao tena.

Aktiki, yaani nyanda za ncha ya kaskazini, imekuwa ikipata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979. Tundra, ile ardhi ya baridi isiyo na miti mirefu inayozunguka bahari ya kaskazini kuanzia Alaska hadi Siberia, ilikuwa ufalme wa nyasi fupi, mosi na vichaka vinavyotambaa chini kukwepa upepo. Ushahidi wa kwanza kwamba vichaka hivyo vimeanza kusimama haukutoka kwenye setilaiti. Ulitoka kwenye maboksi ya picha za kale. Kati ya 1948 na 1950 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa likitafuta mafuta kaskazini mwa Alaska, na ndege zake zilipiga maelfu ya picha za mabonde kwa kamera kubwa zenye kuonyesha kichaka kimoja kimoja. Nusu karne baadaye Matthew Sturm, Charles Racine na Ken Tape walipanda helikopta na picha hizo mikononi, wakatafuta pembe ile ile, mlima ule ule nyuma, kona ile ile ya mto, wakapiga upya. Makala yao ya mwaka 2001 ilikuwa fupi sana. Ukiziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, huhitaji shahada yoyote: mteremko uliokuwa mtupu una vichaka, na vichaka vilivyokuwepo vimenenepa.

Nazipenda picha hizo kuliko ramani yoyote yenye rangi za kompyuta, kwa sababu aliyezipiga hakuwa na habari kabisa na mimea. Alitafuta mafuta. Ushahidi wake hauna upande.

Hata hivyo mabonde machache ya Alaska si tundra yote, na hapo Landsat ilikuwa haina mbadala. Landsat 5 ilirushwa Machi 1984 ikitarajiwa kufanya kazi miaka 3. Ikafanya kazi karibu miaka 29, hadi 2013. Iliyotakiwa kuifuata, Landsat 6, haikufika kwenye njia yake mwaka 1993. Kwa miaka kadhaa, basi, kumbukumbu ya uso wa dunia ilining'inia kwenye chombo kilichokwishapita umri wake. Tatizo la pili lilikuwa bei. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa hadi dola 600 za Marekani, na mtafiti aliyetaka kuiona Aktiki nzima kwa miongo mitatu angehitaji maelfu ya picha. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamua kuziachia bure kwa yeyote mwenye intaneti. Uamuzi huo wa kiofisi, ambao haukupata vichwa vya habari, umezaa elimu nyingi kuliko vyombo vingi vilivyorushwa kwa mbwembwe.

Kutokana na hazina hiyo Logan Berner wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona na wenzake walichagua maelfu kwa maelfu ya vituo kwenye tundra yote na kuvifuatilia kuanzia 1985 hadi 2016. Walichapisha matokeo mwaka 2020: asilimia 37.3 ya vituo viliongeza kijani, asilimia 4.7 vilipungua, na joto la kiangazi ndilo lililoeleza sehemu kubwa ya ongezeko. Watu wengi husimama kwenye ile 37.3. Mimi hunivuta ile isiyotajwa. Zaidi ya nusu ya vituo havikuonyesha badiliko la kuaminika hata kidogo, ingawa joto lilipanda karibu kila mahali. Kwa nini bonde hili limeitikia na la jirani limenyamaza?

Setilaiti haiwezi kujibu, na sababu ni ukubwa wa jicho lake. Nukta moja ya picha ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30. Zile kumbukumbu za zamani zaidi, za kuanzia 1981, nukta yake ilikuwa na upande wa kilomita 8. Kwa Dar es Salaam, nukta moja ingemeza Kariakoo, Ilala na Magomeni kwa pamoja na kutoa namba moja kwa zote. Hata katika mita 30 za tundra kuna kidimbwi, mashungi ya nyasi, jiwe, kipande cha theluji kilichochelewa kuyeyuka na kichaka kimoja kinachojaribu bahati yake. Vyote hukorogwa kuwa namba moja. Kidimbwi kikikauka na nyasi zikaota, namba hupanda. Theluji ikiyeyuka wiki moja mapema, namba ya tarehe ile ile hupanda, hata kama hakuna mmea mpya uliozaliwa. Mwaka 2020 kundi kubwa la wanaikolojia likiongozwa na Isla Myers-Smith liliandika katika Nature Climate Change kuwatahadharisha wenzao: neno moja, kuongezeka kwa kijani, linabeba mambo mengi tofauti, na baadhi yake si mimea.

Myers-Smith alikuwa na mahali pa kuliangalia tatizo hilo kwa karibu. Kisiwa cha Qikiqtaruk kiko pwani ya Yukon, Kanada, kwenye Bahari ya Beaufort. Ramani za Waingereza zilikiita Herschel. Jina lake kwa lugha ya wenyeji, Wainuvialuit, maana yake ni kisiwa tu, kama vile sisi tungesema Kisiwani. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 116. Katika miaka ya 1890 wavua nyangumi walifanya makazi pale wakisubiri barafu ipasuke, na majengo yao ya mbao bado yamesimama kwenye ulimi wa mchanga. Tangu 1987 ni hifadhi inayosimamiwa kwa ubia na Wainuvialuit wenyewe, na tangu 1999 askari wa hifadhi na watafiti wamekuwa wakihesabu mimea kwenye viwanja vile vile kila baada ya miaka kadhaa.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Unaweka fremu ya mita moja ya mraba juu ya mimea. Fremu imegawanywa kwa nyuzi hadi kupata pointi 100. Kwenye kila pointi unateremsha sindano ndefu wima, na kila jani, kila shina linaloguswa na sindano hiyo, unalitaja jina na mwenzako analiandika. Kisha unaenda pointi ya pili. Magoti yanaloa, kwa kuwa chini ya tundra ardhi imeganda na maji hayana pa kwenda. Mbu ni wengi kupita maelezo. Ni utaratibu unaotumika kwenye vituo vingi vya Aktiki, chini ya mtandao wa utafiti wa tundra ulioanzishwa mwaka 1990. Ni kwa njia hiyo ilijulikana kwamba huko Qikiqtaruk mimea imerefuka, vichaka na nyasi vimeongezeka, na sehemu za udongo mtupu zimepungua.

Kati ya sindano na setilaiti palikuwa na pengo kubwa. Anayepiga magoti anaijua mita moja kwa undani. Setilaiti inaijua dunia kwa juujuu. Droni iliingia katikati. Jakob Assmann, Jeffrey Kerby, Andrew Cunliffe na wenzao waliirusha juu ya kisiwa kwa mistari kama ya mkulima anayepiga matuta, kila picha ikipanda kidogo juu ya ile iliyotangulia, mpaka mamia ya picha yakaunganishwa kuwa ramani moja ambayo nukta yake ni sentimita chache. Kamera zao zina macho ya infraredi kama ya setilaiti, hivyo namba ile ile ya kijani inaweza kukokotolewa kwa shungi moja la nyasi.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Kabla ya kupaa, kamera hupigishwa picha ya kibao cha kijivu ambacho urudishaji wake wa mwanga unajulikana, ili kijani cha leo chenye mawingu kiweze kulinganishwa na cha kesho chenye jua. Alama huwekwa ardhini na kupimwa mahali pake kwa usahihi wa sentimita. Jua la kaskazini hukaa chini, vivuli huwa virefu, na kivuli hudanganya kamera. Baridi hunyonya betri. Karibu na ncha ya sumaku, dira ya chombo huchanganyikiwa isijue kaskazini ni wapi. Ukungu wa bahari ukiingia, siku imekwisha. Watafiti wa nchi mbalimbali walipoona kila mmoja anahangaika peke yake, waliunda mtandao wa kurusha droni katika nyanda za baridi ili wote wapime kwa utaratibu mmoja. Bila hivyo ramani ya Alaska na ya Svalbard zingekuwa lugha mbili zisizoelewana.

Walichokiona Assmann na wenzake huko Qikiqtaruk kilichapishwa mwaka 2020. Kwa jumla droni na setilaiti zilikubaliana. Ila tofauti kubwa za kijani kutoka sehemu hadi sehemu zilikuwa kwenye umbali wa nusu mita hivi, yaani chini sana ya uwezo wa setilaiti yoyote ya kawaida. Ndani ya nukta moja ya Landsat, mimea ya mahali fulani inachipua siku nyingi kabla ya majirani zake. Tarehe moja ya kuanza kwa msimu inayotolewa na setilaiti ni wastani wa misimu mingi midogo, kama kusema soko la Kisutu hufunguliwa saa tatu kwa sababu umechukua wastani wa muuza samaki na muuza nguo.

Droni hizo hizo zilinasa jambo lingine. Kiangazi cha 2017 kikosi cha Cunliffe kilipima ukingo wa kisiwa kwa siku 40. Katika muda huo bahari ilimega mita 14.5 za pwani, kwa sababu udongo ule umeshikwa pamoja na barafu, na barafu ikiyeyuka hakuna kinachoushika. Mimea inapanda, ardhi yenyewe inaondoka.

Upande wa pili wa dunia droni zimekuwa na kazi nyingine, na kwangu hii ndiyo sehemu inayogusa zaidi. Karibu na kituo cha Casey cha Australia, Antaktika Mashariki, kuna vitanda vya mosi ambavyo baadhi ya mashina yake yana umri unaozidi miaka 100 na hukua milimita chache tu kwa mwaka. Sharon Robinson wa Chuo Kikuu cha Wollongong amekuwa akivifuatilia kwa zaidi ya miongo miwili. Aliona rangi zikibadilika. Mosi mwenye afya ni kijani. Akikosa maji hujikinga kwa rangi nyekundu. Akizidiwa huwa kijivu. Mwaka 2018 yeye na wenzake walieleza kwamba sehemu hiyo ya Antaktika imekuwa ikikauka, mabadiliko ya pepo yakiwa yametokana na tundu la ozoni pamoja na joto la dunia.

Sasa, kitanda cha mosi hukikanyagi. Alama ya kiatu hukaa miaka mingi, na sehemu nyingine zimelindwa kisheria hata mtafiti huingia kwa kibali. Hapo Arko Lucieer wa Chuo Kikuu cha Tasmania alileta droni zenye rafadha nane, zikapiga picha zenye kuonyesha kila mkunjo, na kutokana na umbo la ardhi wakaweza kukokotoa maji ya theluji inayoyeyuka yatapita wapi na kitanda kipi kitakosa. Kwa hiyo, katika bara moja, rasi ya magharibi inaongeza kijani na pwani ya mashariki inakipoteza. Vichwa vya habari vinavyosema Antaktika yageuka kijani haviwatendei haki wasomaji. Mwaka 2024 kundi jingine likitumia setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 lilichora ramani ya uoto unaoonekana katika bara lote: kilomita za mraba 44.2. Bara hilo lina kilomita za mraba milioni 14 hivi.

Basi kwa nini kujali vichaka vya mahali ambako wengi wetu hatutakanyaga? Chini ya ardhi iliyoganda ya kaskazini kuna kaboni ya mimea iliyokufa tangu zama za kale, takriban tani bilioni 1,500, ambayo ni karibu mara mbili ya ile iliyo angani sasa. Kichaka kinachoota juu yake hunyonya kaboni kidogo kutoka hewani. Lakini majira ya baridi kichaka hicho hukamata theluji inayopeperushwa, na theluji nene ni blanketi: udongo hauhisi baridi kali. Majira ya kuchipua, matawi meusi yanayochungulia juu ya theluji hunyonya jua ambalo weupe ungelirudisha. Kiangazi, kivuli chake hupoza udongo. Ipi kati ya nguvu hizi inashinda hutofautiana na mahali, na hapo ndipo ramani za sentimita na zile za mita 30 zinapohitajiana.

Wanenets wanaofuga kulungu wa kaskazini kwenye rasi ya Yamal, Siberia, hawakusubiri ramani. Walimweleza Bruce Forbes wa Chuo Kikuu cha Lapland kwamba mierebi imerefuka kupita vichwa vya kulungu, na mnyama akiingia humo hupotea machoni. Kwa watu ambao maisha yao yote ni kulijua kundi liko wapi, hiyo ni habari nzito. Forbes na Marc Macias-Fauria walipopima, wakakuta vichaka hivyo vimefikia kimo cha miti, zaidi ya mita mbili. Mfugaji wa Yamal na mfugaji wa bonde lenye mathenge wangeelewana bila mkalimani. Kwa setilaiti, wote wawili wamebarikiwa.

Vichaka vimeleta na wageni. Ken Tape, yule yule wa picha za kale, amehesabu kwa picha za angani na za setilaiti zaidi ya mabwawa 10,000 yaliyojengwa na biva kwenye tundra ya Alaska, mahali ambapo katika picha za katikati ya karne iliyopita hayakuonekana. Biva ni mnyama anayekata miti kwa meno na kuziba mito. Bwawa lake huhifadhi joto la maji, na barafu iliyo ardhini chini yake huyeyuka.

Na si kila mwaka kijani husonga mbele. Mwaka 2012 setilaiti zilionyesha kaskazini mwa Norwei, Uswidi na Ufini ukijani wa chini kabisa tangu kumbukumbu zianze. Watafiti walipokwenda walikuta vichaka vya kahawia, vimekauka vikiwa vimesimama. Siku chache za joto katikati ya baridi ziliyeyusha theluji iliyovifunika, kisha baridi ikarudi ikavikuta uchi. Mahali pengine viwavi wa nondo walikuwa wamekula majani ya miti ya betula hadi ikabaki matawi. Joto lile lile linalootesha linaua, na tarehe ndiyo inayoamua.

Suala hilo la tarehe linafika mpaka kwenye fukwe zetu. Ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia ukingoni mwa maji yakipwa, huko Mida karibu na Watamu, wakidonoa tope kama cherehani, wengi wao wametoka kutaga mayai kwenye tundra ya Siberia. Jamaa zao wakubwa kidogo, waitwao kwa Kilatini Calidris canutus, huzaliwa rasi ya Taimyr na kwenda kuishi pwani ya Mauritania. Jan van Gils wa Uholanzi na wenzake walitumia picha za setilaiti za miaka 33 kupima siku ambayo theluji ya Taimyr huyeyuka, na wakakuta inasogea mapema kwa nusu siku kila mwaka. Wadudu hutoka kwa wingi theluji ikiondoka. Ndege wanaofika kwa kalenda ya zamani huwakuta wamepungua. Vifaranga wa miaka ya joto walikua wadogo, wakiwa na midomo mifupi. Kule Mauritania chakula chao kizuri ni kome waliojichimbia ndani ya mchanga, na mdomo mfupi hauwafikii. Nafasi yao ya kuishi ilikuwa ndogo kuliko ya wenye midomo mirefu. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwaka 2016, na inatumia setilaiti, rula ya kupimia midomo, na subira ya watu waliokamata ndege wale wale kwa miaka.

Aprili hivi, pale Mida, ndege wanaobaki kwa siku za mwisho huanza kubadilika. Tumbo na kifua vinageuka rangi ya tofali lililochomwa vizuri, rangi ya kupendezea huko waendako. Hula mchana na usiku, kila maji yanapopwa, mpaka wamenona. Kisha jioni moja kundi hupaa juu ya mikoko na kushika kaskazini. Wakati huo, juu ya Taimyr, Landsat na Sentinel zinapita juu ya weupe mtupu, zikisubiri siku doa la kwanza la udongo litakapojitokeza.